Chumba cha Kikwetu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema, kabla hajanijia mtu mwenye gari la vioo vyeusi kuniuliza nilikuwa namsema nani. Haimo kwenye ramani, mito yake ni ya kubuni, na viongozi wake nimewaota baada ya kula maharage mengi. Ukisoma ukahisi umewahi kuishi humo, hiyo ni homa tu. Kunywa maji ya ndimu, ulale.

Inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Kila nchi ina sheria inayojivunia, na ya Shukurani ni Sheria ya Kutanguliza Shukrani. Kwa sheria hiyo, mwananchi mwenye lalamiko ana haki kamili ya kulalamika, mradi atangulize shukrani. Anaanza na Rais Mpendwa, anafuata mke wa Rais, mama mzazi wa Rais, mawaziri mmoja mmoja kwa majina na vyeo, manaibu wao, wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, mpaka anamfikia mwenye kiti alichokikalia. Akimruka mmoja, anarudi mwanzo. Saa za kazi zikiisha kabla hajafika kwenye lalamiko lenyewe, anakwenda nyumbani na shukrani zake, na kesho anaanza upya. Kwa utaratibu huo, tangu bendera ipandishwe, Shukurani haijapokea lalamiko hata moja. Wageni wanaokuja kwa mikutano huandika kwamba hawajapata kuona watu walioridhika namna ile.

Wala msidhani nchi haina pa kupeleka malalamiko. Ipo Idara ya Kupokea Malalamiko, jengo zuri lenye lifti, na mkuu wake wakati huo alikuwa Bwana Bakema. Viti vya wageni katika ofisi yake vilikuwa bado na nailoni zake za dukani. Kazi yake kisheria ilikuwa moja: siku lalamiko litakapofika, atamke neno "Limepokelewa." Asipolitamka, lalamiko halikuwahi kuwepo. Akilitamka, hata Rais Mpendwa hawezi kulifuta. Alipoteuliwa, Bakema alilifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo, kwa sauti nene, kidevu juu. Halafu miaka ikapita, akapewa nishani kwa kutolitumia.

Mke wake aliitwa Siwema, na yeye ndiye mwenye hadithi hii.

Siwema alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo katika Redio ya Taifa, kila siku baada ya taarifa ya habari ya mchana, kwa Kikwetu, lugha ambayo watu wote wa Shukurani walizaliwa nayo. Alikuwa na sauti nzito yenye huruma ndani yake. Watu walisema kwamba mtu asiyesomwa na Siwema hajafa vizuri. Alijua kutaja watoto wa marehemu, wajukuu na wakwe bila kumkwaza mtu, na alijua kusoma upesi bila kuonekana ana haraka, maana wafu walikuwa wengi na redio ilimpa robo saa tu, saa iliyobaki ilikuwa ya nyimbo za kumpongeza Rais.

Alikuwa na binti mmoja, Zawena, wa miaka sita, mtoto ambaye mdomo wake haukujua likizo. Alizungumza na kuku, akawapa majina ya mawaziri. Alimuuliza mama yake kwa nini watu wanakufa kwa zamu na si wote siku moja. Siwema akirudi kazini amechoka na misiba ya watu, mtoto yule ndiye aliyemrudisha duniani.

Sasa, mtu mwenye nishani hawezi kupeleka mtoto shule ya kawaida. Bakema akampeleka Zawena Shule ya Kimataifa ya Lugha Mbili ya Upeo.

*

Shule ile ilikuwa ya kimataifa kwelikweli. Getini zilipepea bendera thelathini, mbili kati yake zikiwa za timu za mpira, lakini nani anahesabu. Alikuwepo pia mgeni halisi kutoka ng'ambo. Bwana yule alikuja kutengeneza jenereta, na alipomaliza akaombwa asiondoke. Alipewa cheo cha Mratibu wa Mazingira ya Kimataifa, na kazi yake ilikuwa kukatiza uwanjani asubuhi wakati wazazi wanaleta watoto.

Na ilikuwa ya lugha mbili. Hapo ndipo penye utamu, au uchungu, kutegemea mkono wako ulikuwa wapi. Lugha ya kwanza ilikuwa Kikwao, lugha ya watu wa ng'ambo, iliyoletwa Shukurani zamani na watu waliokuja bila kualikwa. Ya pili ilikuwa Kikwetu. Mkurugenzi wa shule, Dakta Pongwa, aliwaeleza wazazi siku ya kuwapokea, amevaa joho lenye manyoya shingoni katika jua la saa sita.

"Wazazi wapendwa," alisema, "wako wanaotusingizia kwamba tunaibagua lugha yetu. Wongo mtupu! Kila lugha tumeipa kazi inayoifaa. Kikwao ni cha kufundishia, kuchezea, kuimbia na kusifia. Kikwetu ni cha kuadabishia. Tumekijengea chumba chake, chenye vigae! Mtoto akikosa anapelekwa Chumba cha Kikwetu, anaambiwa kosa lake kwa lugha ya mama yake, kisha ananyoosha mikono. Na kwa nini lugha ya mama? Kwa sababu inaingia, wazazi! Inaingia mpaka kwenye mfupa! Samaki mkunje angali mbichi!"

Wazazi wakapiga makofi. Bakema alipiga mpaka nishani ikacheza kifuani.

Hakuna aliyeuliza ni makosa gani yanayompeleka mtoto kwenye chumba hicho. Nitawaambia mimi. Kosa kubwa lilikuwa kusema Kikwetu. Mtoto akiomba maji kwa Kikwetu, chumbani. Akijikwaa akasema "mama wee," chumbani. Akimfundisha mwenzake jina la mdudu, chumbani wote wawili. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na Firauni wa sasa huvaa joho.

*

Muhula wa kwanza Zawena alirudi nyumbani akiimba kwa Kikwao. Bakema akafurahi. Muhula wa pili akawa anarudi kimya. Bakema akafurahi zaidi, akasema huo ndio ustaarabu. Kuku wakakosa mtu wa kuwaita mawaziri.

Alasiri moja Siwema alitoka redioni mapema, akanunua mapera njiani. Akamkuta mtoto amekaa barazani peke yake.

"Zawena, njoo mwanangu," akamwita.

Mtoto akaja. Akasimama wima mbele ya mama yake, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akafumba macho.

Siwema akacheka. Alidhani mtoto ameona mapera, anadai lake. Akamwekea moja kiganjani, kubwa, la manjano. Pera likabingirika likaanguka chini. Mtoto hakufunga vidole. Aliendelea kusimama, macho kayabana, anangoja. Ndipo Siwema akatazama vile viganja vizuri, akaona michirizi iliyovimba, mipya juu ya mikuukuu.

Mwanamke yule alikuwa amesoma vifo vya ajali, vya homa, vya kuzama, vya watoto wachanga. Hakuwahi kukatika sauti hata mara moja. Siku ile alitaka kusema "mwanangu" akashindwa, kwa sababu alielewa kwamba akilisema, mtoto atazidi kunyoosha.

*

"Ni nidhamu," alisema Bakema jioni.

"Nikimwita ananyoosha mikono apigwe, Baba Zawena. Mimi. Mama yake."

"Unaona dogo, huoni kubwa. Juzi kaota kwa Kikwao! Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Alisema nini?"

"Sikuelewa. Lakini kilikuwa Kikwao safi kabisa."

Siwema akamtazama mume wake kwa muda, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Basi wewe ndiye mpokeaji wa malalamiko nchi nzima. Pokea langu."

"Mke wangu, utaratibu unaujua. Nyumbani au ofisini, sheria ni ileile. Tanguliza shukrani."

Na Siwema, kwa uchungu aliokuwa nao, akaanza, pale pale jikoni. Alimshukuru Rais Mpendwa, akamshukuru mke wake na mama yake. Alipofika kwa Naibu Waziri wa Uvuvi wali ukaungua, akageuka kuinjika upya, na aliporudi akamruka Waziri wa Mipaka. Bakema akainua kidole kwa huzuni ya kikazi. "Mwanzo, mama."

Siwema alipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wazazi. Alikuwa bado kwa wakuu wa mikoa kengele ikalia, Dakta Pongwa akamshukuru kwa shukrani zake, kikao kikafungwa kwa soda. Mlangoni akashikwa mkono na mwanamke aliyeitwa Mama Ruzi, mwenye mtoto darasa moja na Zawena.

"Wangu naye ananyoosha," Mama Ruzi alinong'ona. "Nikimwimbia tu alale, ananyoosha."

"Sasa mbona hujasema?"

"Nimeanza kushukuru tangu muhula wa kwanza, dada. Sijamaliza."

Ngojeni nivute pumzi. Msimulizi wa hadithi za namna hii anatakiwa aonekane hajui kitu, acheke pembeni. Lakini mama anayeogopa kumwimbia mtoto wake si jambo la kuchekea pembeni. Nina hasira, na mtanisamehe.

*

Ikafika Sikukuu ya Lugha Mbili, na mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Elimu na Shangwe. Dakta Pongwa mwenyewe alikuja redioni kumwomba Siwema atoe shukrani kwa niaba ya wazazi.

"Kwa Kikwetu, bibie," alisema. "Dakika tano tu, kuonyesha kwamba hatukisahau. Sauti yako Mheshimiwa Waziri anaipenda. Mama yake ulimsoma wewe."

Siwema akakubali upesi mpaka Pongwa akashangaa. Hakujua alilokuwa amelifikiria yule mama. Mtu anayeweza kusoma maiti za nchi nzima, na watoto wao na wakwe zao, ndani ya robo saa bila kukosea jina, atashindwaje kumaliza mawaziri kwa dakika tano? Wiki nzima alifanya mazoezi chooni kwa sauti ya chini. Alimaliza kwa dakika nne na nusu, kutoka Rais mpaka mwenye kiti. Ilimbakia nusu dakika ya lalamiko, na nusu dakika ingetosha. Angesema: wanampiga mtoto wangu kwa lugha yangu, sitaki tena. Na mume wake angekuwa amekaa pale pale mbele, pamoja na nishani yake, na nchi nzima ingemtazama.

Siku ikafika. Uwanja umepambwa, bendera thelathini zimepigwa pasi, mgeni wa jenereta kakatiza uwanjani mara mbili ili Waziri amwone vizuri. Watoto wote wa shule wamepangwa mistari mbele ya jukwaa, sare nyeupe, soksi mpaka magotini. Zawena alikuwa mstari wa pili. Waliimba kwa Kikwao wimbo kuhusu theluji, na Waziri akafuta chozi, ingawa theluji hakuwahi kuiona.

Siwema akapanda. Vipaza sauti vikakohoa. Akavuta pumzi ya kutosha mawaziri wote, akafungua mdomo.

"Ndugu zangu," alisema.

Watoto wote wakanyoosha mikono.

Shule nzima. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, wakubwa na wadogo, viganja juu, macho yamefumbwa, kimya. Walikuwa wamesikia Kikwetu, na Kikwetu kina jambo moja tu. Upepo ulipita, bendera zikapiga, na hakuna mtoto aliyeyumba.

Pumzi yote ya Siwema ikamtoka. Mawaziri wakamtoka kichwani, na wakuu wa mikoa, na wiki nzima ya chooni. Huko kwenye viti vya wazazi mtu mmoja akaanza kulia, akazibwa mdomo na mwenzake.

Lakini Waziri alikuwa amesimama, uso umemng'aa.

"Mkurugenzi!" alisema, akinyakua kipaza sauti. "Mimi nimetembea nchi nyingi. Nimelala hoteli ambazo taulo zake peke yake zingewashangaza. Sijaona, narudia, sijaona salamu yenye unyenyekevu kama hii! Mikono mitupu! Viganja wazi! Macho yamefumbwa kwa imani! Hii ndiyo Shukurani ninayoijua mimi! Kwa mamlaka niliyopewa natangaza kuwa kuanzia leo hii ndiyo Saluti ya Taifa. Raia akisikia sauti ya kiongozi, ananyoosha!"

Makofi yakalipuka. Yalilipuka hasa mbele, kwenye viti vya mito.

Wakati wa makofi hayo Siwema alishuka jukwaani bila kuruhusiwa. Akapita mstari wa kwanza, akapiga magoti mbele ya binti yake. Hakumwambia kitu, aliogopa kumwambia. Badala yake alinyoosha mikono yake mwenyewe, viganja juu, chini ya viganja vya mtoto, akafumba macho, akangoja.

Zawena akafumbua jicho moja. Tangu aingie shule ile hakuwahi kumwona mtu mzima amenyoosha mikono. Aliitazama mikono ile ya mama yake, yenye kovu la mafuta ya maandazi kwenye kidole gumba. Akaigusa kidogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Warudie!" Waziri alisema. "Wapiga picha hawakuwa tayari!"

Dakta Pongwa akachukua kipaza sauti. Aliacha Kikwao chake kizuri, akatoa sauti ambayo wazazi hawakuwahi kuisikia, ile ya chumba cha vigae. "Nyoosheni!"

Mikono mia tano, iliyokuwa imeanza kushuka, ikapanda tena. Ya Zawena ikarudi nyuma ya mgongo, ikashikana huko.

"Wewe! Mtoto wa Bakema! Nyoosha!"

Zawena hakuitoa mikono. Akamtazama mama yake aliyepiga magoti, akamtazama Dakta Pongwa. Halafu akasema kwa Kikwetu, kwa sauti yake ya zamani ile ya kugombana na kuku:

"Asante. Sitaki."

*

Kila mtu mzima pale alijua sheria, na kila mtu alifanya hesabu ileile kichwani. Lalamiko limetamkwa. Shukrani imetangulia.

Wanasheria wa Wizara wakakusanyika nyuma ya kiti cha Waziri. "Amewaruka wote!" alisema mmoja. "Hakumtaja Rais, hakumtaja hata mwenye kiti!"

"Ngazi ya vyeo ni kwa mwananchi aliyetimiza miaka kumi na minane," alijibu mwingine, mzee, akipangusa miwani. "Mtoto hakuandikiwa ngazi. Hatukufikiri mtoto angeweza kuwa na la kusema."

Basi macho yote yakamgeukia Bwana Bakema.

Alikuwa kiti cha tatu kutoka kwa Waziri. Waziri alimtazama, akatikisa kichwa polepole, kulia, kushoto. Bakema alielewa. Alielewa gari, nyumba ya serikali, nishani, lifti. Alichotakiwa kufanya ni kile alichokifanya kwa ustadi miaka yote, yaani kutosema kitu. Akageuka akamtazama binti yake. Kutoka pale alipokaa, kwa pembeni, aliweza kuiona mikono ile midogo nyuma ya mgongo, imeshikana kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na michirizi yake. Alikuwa hajawahi kuitazama. Aliishi nyumba moja na mikono hiyo, na hajawahi kuitazama.

Akainuka. Neno lilipotoka halikutoka kama mbele ya kioo. Lilitoka limepasuka, kidevu chini, nusu yake machozi.

"Limepokelewa," alisema.

*

Msingoje kusikia kwamba mbingu zilifunguka. Waziri aliondoka kabla ya pilau. Tume iliundwa kulichunguza lalamiko, mwenyekiti akiwa Dakta Pongwa, na tume ikagundua kwamba Chumba cha Kikwetu hakipo, kwa kuwa siku hiyohiyo kilikuwa kimebandikwa kibao kipya cha Chumba cha Ushauri. Saluti ya Taifa ni sheria mpaka leo. Bakema alivuliwa nishani kwa kuiharibia nchi takwimu. Siwema akaondolewa redioni, na sasa watu wa Shukurani wanasomwa na kijana anayekosea majina ya wakwe.

Lakini Jumatatu ile, ndani ya Chumba cha Ushauri, mtoto wa Mama Ruzi aliambiwa anyooshe. Akasema, "Asante. Sitaki." Jumanne walikuwa wengi. Kufikia mwisho wa mwezi, wazazi walikuwa wamebandua nailoni kwenye viti vyote vya Idara ya Kupokea Malalamiko, wamekaa na watoto wao magotini. Mkuu mpya wa Idara hana ujasiri wa kulitamka lile neno, lakini hana tena pa kukaa.

Na Siwema? Siku chache baada ya sikukuu alikuwa uani anaanua nguo. Zawena alikuwa nyuma ya banda la kuku. Siwema alisimama muda mrefu na shuka mkononi, anaogopa, kisha akajipa moyo.

"Zawena, njoo mwanangu!"

Kisha mtoto akachungulia, uso una vumbi, mkono mmoja umeshika pera lililoumwa nusu, mwingine umembana Waziri wa Uvuvi kwapani.

"Nini tena, mama?" alisema, mdomo umejaa, amekereka kabisa.

"Hakuna," alisema Siwema, akijificha nyuma ya shuka. "Nilitaka kukuita tu."